Kanisa la St Martin-in-the-Fields, London: kwa nini muziki unakaa humo, na kwa nini haukai katika makanisa yetu ya kale?

#1 Kijana wa Cheyo (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nipo Uingereza kimasomo, nyumbani ni Tabora mjini, na ninaleta dai moja ambalo ningependa tulijadili kwa utulivu.

Katikati ya London, pembeni ya uwanja wa Trafalgar Square, lipo kanisa la Kianglikana liitwalo St Martin-in-the-Fields. Ni parokia hai yenye waumini na ibada zake, lakini pia ni mojawapo ya kumbi za muziki zinazojulikana sana mjini humo. Nilipolitembelea mchana wa siku ya kazi nilikuta vijana wanne wakipiga fidla mbili, viola na selo mbele ya altare. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi yale yale ya ibada, wengine wakiwa bado na vitambulisho vya kazini shingoni. Hapakuwa na tiketi. Mlangoni palikuwa na chombo cha mchango, na anayetaka hutia alichonacho. Jioni hali hubadilika, kwa kuwa kuna matamasha ya kulipia, na mengi hupigwa kwa mwanga wa mishumaa. Chini ya kanisa, mahali palipokuwa pa kuzikia, kuna mgahawa wenye dari ya matofali yaliyopinda, na sakafu yake ni mawe ya makaburi. Nilikunywa supu huku kiatu changu kikiwa juu ya jina la mtu ambalo nyayo za watu zimekwisha kulifuta nusu.

Dai langu ni hili: kanisa lile limekuwa makao ya sanaa kwa sababu milango yake ilizoea kufunguliwa kwa watu wasiokuwa waumini wake. Kasisi Dick Sheppard, aliyeliongoza kuanzia mwaka 1914, aliwafungulia askari waliokuwa wakienda na kurudi vitani, na baadaye wasio na makazi. Muziki ulikuja kukaa juu ya mazoea hayo. Uzuri wa jengo na fedha ni mambo yaliyofuata. Sisi Tabora na Kigoma tuna makanisa ya siku nyingi, tena tunapenda muziki. Kwa nini hatuyatumii hivyo?

#2 Bangwe Ziwani

Ahsante kwa uzi mzuri. Mimi naona umelidharau jengo mno. Kanisa hilo lilijengwa na Christopher Wren baada ya ule moto mkubwa wa London, na Wren alikuwa mtu wa hesabu aliyejua sauti inavyosafiri. Ukimpa mwanamuziki jengo la namna hiyo atapiga humo hata kama kasisi ni mkali. Mlango uliofunguliwa kwenye jengo bovu hauleti okestra.

#3 Mtunza Kumbukumbu

Bandiko #2 linahitaji masahihisho. Moto wa mwaka 1666 haukufika upande ule wa mji, na aliyelichora kanisa hilo ni James Gibbs, Mskoti aliyesomea usanifu Roma. Jengo la sasa lilianza kujengwa mwaka 1722 na kukamilika mwaka 1726, mahali palipokuwa na kanisa tangu karne za kati. Gibbs aliweka nguzo kubwa mbele kama hekalu la Kirumi, kisha akapandisha mnara wa kengele nyuma yake juu ya paa. Wakati ule wapo walioukosoa mpangilio huo, lakini baadaye uliigwa sana, hasa Marekani.

Kuhusu dai la mleta uzi, naongeza kwamba ibada ya kwanza ya kanisani kurushwa na redio ya BBC ilitoka humo mwaka 1924, wakati wa Sheppard huyo huyo. Kanisa ambalo sauti yake imeingia nyumba za watu wasiolijua hufahamika na nchi nzima. Kwa hiyo ningeiweka redio kwenye orodha ya sababu, pengine juu kuliko mlango.

#4 Fundi Sauti wa Isevya

Wakuu, kazi yangu ni kufunga spika kwenye sherehe na makanisa, kwa hiyo nitasema ninalolijua. Bandiko #2 limekosea jina la msanifu, lakini hoja yake kuhusu jengo haijafa.

Neno linalosemwa linahitaji sauti ifie haraka, ndani ya sekunde moja hivi, ili silabi zisipandane. Okestra inapendeza pale sauti inapodumu karibu sekunde mbili, na kinanda cha mabomba kinavumilia hata zaidi. Makanisa ya Kiprotestanti ya Uingereza ya karne ya 18 yalijengwa ili mahubiri yasikike: umbo la mstatili, roshani za mbao pande mbili ili watu wakae karibu na mimbari, dari ya plasta iliyopinda. Sauti haipotei juu kama inavyopotea kwenye makanisa makubwa ya mawe. Kundi la watu wanne wa nyuzi linasikika humo bila kipaza sauti chochote.

Sasa njoo kwetu. Kuta za matofali ya kuchoma zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji, madirisha ya vioo, na juu bati tupu lisilo na dari. Sauti inagonga kila upande na haina mahali pa kunywewa. Badala ya kutafuta dari tunaongeza spika, na kila kwaya inataka yake iwe kubwa kuliko ya wenzao. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha "mitambo mibovu" ambayo haikuwa na ubovu wowote; nilipunguza sauti, nikashusha spika usawa wa masikio ya watu, na wazee wa nyuma wakaanza kusikia maneno. Kwa hiyo jibu langu kwa mleta uzi ni dari kwanza, mengine baadaye.

#5 Mlei wa Kipalapala

Tumsifu Yesu Kristo. Nashukuru mjadala unakwenda kwa staha. Naomba tukumbuke kwamba makanisa ya kale anayoyataja mleta uzi kwa sehemu kubwa ni ya Kikatoliki, maana Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878 na Ujiji mwanzoni mwa mwaka 1879, na Kanisa Katoliki lina sheria juu ya jambo hili. Kanuni ya 1210 ya Sheria za Kanisa inasema mahali patakatifu patumike kwa yale yanayohudumia au kukuza ibada, uchaji na dini, na kwamba askofu anaweza kuruhusu matumizi mengine kwa tukio moja moja iwapo hayapingani na utakatifu wa mahali.

Zaidi ya hapo, tarehe 5 Novemba 1987 Roma ilitoa barua mahususi kuhusu matamasha makanisani. Inataka maombi yapelekwe mapema kwa maandishi, muziki uwe mtakatifu au wa kidini, kiingilio kiwe bure na wazi kwa wote, wanamuziki wasikae patakatifu pa altare, na ikiwezekana Ekaristi Takatifu ihamishiwe kikanisa cha pembeni au mahali pengine salama na pa heshima. Ukisoma barua hiyo utaona kwamba tamasha la jioni la kuuza tiketi, kama lile la London, lingekwama kwetu kwenye sharti la kiingilio. Wenzetu Waanglikana wana taratibu zao. Tofauti iko hapo, na haihusu dari wala redio.

#6 Msharika wa Kitete

Ndugu Mlei, heshima yako. Mimi ni Mmoraviani, na nadhani swali lenyewe limewekwa vibaya tangu bandiko la kwanza. Nani amesema makanisa yetu hayana sanaa? Nenda kanisani kwetu Jumamosi jioni uone kwaya tatu zikigombea zamu ya mazoezi, kila moja na mwalimu wake, na watoto wamekaa kizingitini wakijifunza sauti ya nne bila kufundishwa. Hesabu sikukuu za uzinduzi wa albamu: kuna mgeni rasmi, kuna kwaya alikwa kutoka Urambo na Sikonge, kuna harambee, kuna sare mpya zilizoshonwa usiku wa manane, na watu wa madhehebu yote wanakuja, wakiwemo majirani zetu Waislamu. Hilo ni tamasha. Tofauti ni kwamba kule London msikilizaji amekaa kimya na hapa anasimama, anakwenda mbele na kumtuza mwimbaji.

Tukisema kanisa letu si ukumbi wa sanaa kwa sababu hakuna viola na selo, tutakuwa tumeyapima makanisa yetu kwa kipimo cha watu wengine.

#7 Kijana wa Cheyo (mleta uzi)

Ndugu wa #6, nimelipokea hilo, na naomba nilibane swali. Uzinduzi wa albamu ni kazi ya kwaya ya kanisa kwa ajili ya kanisa. Ninachouliza ni mgeni: mshairi wa mjini, kikundi cha maigizo, mpiga zeze, kijana wa chuo mwenye gitaa lake, asiye mshiriki wa pale. Pale St Martin wale vijana wanne hawakuwa kwaya ya kanisa. Hata dirisha kubwa la nyuma ya altare, ambalo vioo vyake vya awali viliharibiwa na mabomu ya Vita Kuu ya Pili, lilichorwa upya na Shirazeh Houshiary, msanii mzaliwa wa Iran, na likawekwa mwaka 2008. Ni kioo cheupe chenye msalaba uliopinda kana kwamba unaonekana ndani ya maji. Je, sisi tungempa mgeni dirisha?

#8 Mhasibu wa Mwanga

Mnazunguka fedha kama vile ni mwiko kuitaja. Ukarabati uliokamilika mwaka huo wa 2008 uligharimu takribani pauni milioni 36. Kanisa lina mgahawa, lina duka, lina kumbi za kukodisha, lina matamasha, na mapato hayo yanasaidia kuendesha jengo na huduma zake. Lipo hatua chache kutoka Jumba la Taifa la Sanaa, mahali ambapo watalii wanapita kutwa nzima. Usipokuwa na wapita njia, mlango hata ukiachwa wazi usiku kucha hauleti kitu. Kigoma treni ikifika watu wanashuka na mizigo yao na kwenda zao. Nani ataketi saa saba mchana asikilize fidla?

#9 Mtani wa Igunga

Mkuu Mhasibu, watu wa Kigoma mna haraka ya kuuza mawese tu. Sisi Tabora tuna asali, tunakaa chini tunasikiliza.

#10 Bangwe Ziwani

Mtani, taratibu. Mnajivunia bendi ya Tabora Jazz, na Shem Karenga aliyewaimbia alitoka huku kwetu Kigoma. Mngekaa chini msikilize nini?

Turudi kwenye hoja. Bendi zetu za dansi zilikulia kwenye kumbi za starehe, na kwa wazee wengi gitaa likabaki na harufu ya pombe. Hiyo nayo ni sababu. Kule London muziki wanaoupiga mchana ule ulikuwa na heshima kanisani kabla haujaletwa. Wetu ulitoka baa, na paroko anaogopa utakuja na baa yake.

#11 Mama Kwaya Katubuka

Nisaidie kwa kisa changu. Tuliunda kikundi cha waimbaji wa madhehebu mbalimbali hapa Kigoma, tukataka kuimba nyimbo za asili za Waha na tenzi za zamani ndani ya kanisa moja la siku nyingi ambalo sitalitaja. Tuliandika barua. Tukaombwa maneno ya nyimbo zote, tukayapeleka yamechapwa, na wimbo mmoja wa mavuno ukarudi na mstari mwekundu kwa kuwa ulitaja pombe ya mtama. Tukautoa. Hatukunung'unika, maana mwenye nyumba ana haki ya kuuliza kinacholetwa ndani.

Siku yenyewe watu walikuja, na tulikuwa hatujafika katikati ya wimbo wa nne mvua ilipoanza. Wenyeji wa huku mnajua mvua ya Machi kwenye bati. Walimu wa sauti ya kwanza na ya pili hawakusikiana wakiwa wamesimama bega kwa bega, umeme nao ukakatika. Mpiga ngoma akaendelea peke yake kwa sababu ngoma ndiyo pekee iliyosikika, na watu wakaacha mabenchi ya nyuma wakaja kukaa sakafuni karibu na miguu yetu ili washike maneno. Fundi Sauti wa #4 yuko sahihi kuhusu dari. Lakini na mleta uzi yuko sahihi kwa kiasi fulani, kwa sababu mvua ilipokwisha watu walibaki, na tuliporudi kuomba mara ya pili tukajibiwa kwamba "ratiba imejaa". Ratiba haikuwa imejaa. Kuna watu ndani waliona wale si waimbaji wao.

#12 Mtunza Kumbukumbu

Mama Kwaya, pole, na ahsante kwa kisa. Naongeza mifano miwili ili tusilitazame kanisa moja tu.

London kuna St John's ya Smith Square, kazi ya Thomas Archer, iliyokamilika mwaka 1728. Iliungua kwa mabomu mwaka 1941, ikakaa gofu kwa miaka, kisha ikakarabatiwa na kufunguliwa mwaka 1969 kama ukumbi wa matamasha. Hiyo si parokia tena; sanaa ililirithi jengo baada ya waumini kuondoka. New York kuna St Mark's-in-the-Bowery, jengo la mwaka 1799, ambalo ni parokia mpaka leo na tangu mwaka 1966 linahifadhi mradi wa washairi, na baadaye dansi pia. Mhasibu wa #8 atagundua kwamba washairi hawaleti watalii wengi.

Halafu kuna anayedhani, kwa jina tu, kwamba ile okestra maarufu ya Academy of St Martin in the Fields ni ya kanisa. Iliundwa na Neville Marriner mwaka 1958, ikafanya onyesho lake la kwanza kanisani humo mwaka 1959, na ni taasisi inayojitegemea inayozunguka dunia.

#13 Mzee wa Ujiji

Assalaam alaykum. Mimi si mwenyeji wa makanisa, lakini nimeufuatilia uzi huu kwa makini kwa sababu unahusu miji yetu. Mmelitaja kanisa moja la London na kulisahau lililo karibu nalo linalotuhusu zaidi. Livingstone, aliyekutana na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871, amezikwa Westminster Abbey tangu Aprili 1874. Jiwe lake linasema aliletwa na mikono aminifu kupitia nchi kavu na bahari, lakini majina ya Chuma na Susi, walioutoa mwili wake kijiji cha Chitambo, alikofia, hadi pwani kwa kupitia Unyanyembe, hayamo kwenye jiwe hilo.

Pendekezo langu: kama makanisa yana kanuni zake, basi igizo la safari ile ya wabebaji lifanyike kwenye uwanja wa kumbukumbu hapa Ujiji, au Kwihara nje ya Tabora, lilipo tembe alilokaa Livingstone. Hapo hakuna altare ya kulindwa, na sisi wa misikitini tutakuja bila kusitasita mlangoni.

#14 Mlei wa Kipalapala

Mzee wetu, shikamoo. Pendekezo lako ni zuri, ila mimi ningependa igizo hilo liingie kanisani pia. Mateso ya waliobeba maiti kwa miezi mingi wakitimiza ahadi ni habari inayoweza kusimuliwa mbele ya msalaba bila kuvunja kanuni yoyote. Narudia kwamba kanuni ya 1210 inaacha nafasi, na askofu ndiye anayeamua tukio kwa tukio. Kinachokosekana mara nyingi ni barua yenyewe. Watu hawaombi, kisha wanasema wamekataliwa. Isipokuwa Mama Kwaya, ambaye aliomba.

#15 Mkufunzi wa Urambo

Nimechelewa. Naona sababu moja haijaguswa. Mjini Leipzig, Ujerumani, katika kanisa la Mtakatifu Thoma ambako mtunzi Bach alikuwa mwalimu wa muziki kuanzia mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750, kwaya ya wavulana bado inaimba moteti (nyimbo takatifu za kwaya) Ijumaa na Jumamosi, na wasikilizaji wanatoka kila pembe ya dunia. Kinachobeba pale ni shule: vijana wanalelewa, wanasoma, wanaimba, wanaondoka na wengine wanaingia. Wale vijana wanne wa mchana aliowaona mleta uzi huenda nao wametoka chuo fulani kinachotafuta mahali pa kuwaonyesha wanafunzi wake. Sisi walimu wetu wa kwaya wanajitolea, wakihamishwa kikazi kwaya inakufa. Bila shule ya muziki, mlango, dari na kanuni vyote vitangoja.

#16 Fundi Sauti wa Isevya

Mkufunzi, shule hiyo itafundishia wapi msimu wa mvua? Ndani ya jengo lisilo na dari?

#17 Binti wa Ng'ambo

Salaam wakuu. Natarajia kupita London mwezi ujao na uzi huu umenipa hamu. Mleta uzi, mtu anaingiaje pale, na mgahawa wa chini unafikiwaje? Mama yangu ninayesafiri naye ana shida ya magoti.

#18 Kijana wa Cheyo (mleta uzi)

Karibuni sana. Shuka stesheni ya Charing Cross, kanisa liko ng'ambo ya barabara. Mbele kuna ngazi pana za mawe, lakini msimpandishe mama huko. Zungukeni upande wa kaskazini, mtaona kibanda cha vioo cha mviringo chenye ngazi na lifti zinazoshuka hadi chini kwenye mgahawa. Angalieni ratiba yao kabla ya kutoka, kwa sababu siku za mazoezi au ibada maalumu wageni hawaruhusiwi kuzunguka ndani. Muziki ukianza msipige picha. Mwambie mama akae benchi za roshani kama magoti yatakubali ngazi, na yakikataa akae katikati chini, ambako sauti ni nzuri vilevile.

Kwa Mzee wa Ujiji, shikamoo. Nitakwenda Westminster kuliona jiwe. Na kwa Mama Kwaya nina swali: ile barua ya pili mliiandika kwa jina la kikundi au kwa jina la mshiriki wa kanisa lile?

#19 Mama Kwaya Katubuka

Kwa jina la kikundi. Mwenyekiti wetu ni Mpentekoste, na katibu ni binti wa Kiislamu anayeimba sauti ya tatu vizuri kuliko sisi wote. Barua ya tatu tumeiandika wiki hii, na safari hii tumeambatisha nakala ya maelekezo yale ya mwaka 1987 aliyoyataja ndugu Mlei, tumepigia mstari sehemu ya kiingilio cha bure, na tumeomba tarehe ya Julai, mwezi usio na mvua.